Wasifu wa Jailos Mwasenga, Mpasua Mbao Asiyekunywa

Marehemu Jailos Mwasenga alizaliwa mwaka 1919. Hapana, tusianze kwa kukosea. Mwaka 1919 ni wa dada yake, Lea, aliyekuja duniani wakati homa ile kubwa ya baada ya vita ya Wajerumani na Waingereza ilikuwa bado inazoa watu. Jailos alifuata baadaye, mwezi wa Juni mwaka 1922, siku zile za umande mweupe unaounguza majani ya maharage, katika kijiji hiki hiki cha Ilongwe, mlimani juu ya Uyole, Mbeya. Mama yake na mzee Yotamu, anayesoma maneno haya, walinyonya ziwa moja. Kwa hiyo miaka hii mzee Yotamu anaijua kwa kuiona, ila siku hizi inasukumana kichwani mwake kama ndama mlangoni. Baba yake Jailos alifariki mapema, na mtoto akakulia mikononi mwa mjomba wake huyo, Yotamu.

Alisoma shule ya misheni hapa kijijini tangu mwaka 1931 hadi 1935, akamaliza darasa la nne. Hesabu hazikumpenda sana. Kilichompenda ni tarumbeta. Mwalimu alimpa moja lililobonyea ubavuni, akamwambia akajifunzie mbali, maana kelele zake zilikuwa zinawatoa kuku kwenye mayai. Jailos akapanda mlimani, akakaa juu ya jiwe, akaelekeza tarumbeta bondeni, akapuliza.

Sasa, hapa kwetu tarumbeta likilia siku isiyo ya ibada, maana yake inajulikana. Wanawake wa bondeni wakaacha majembe, wakajitwika unga na kuni, wakapanda mlima kwenda msibani. Wakamkuta Jailos peke yake, mashavu yamemvimba.

"Amekufa nani?" wakamuuliza huku wanahema.

"Hajafa mtu, mama. Mimi najifunza."

"Basi jifunze upesi, mwanangu. Mpaka uive utakuwa umetuzika wote."

Wakacheka, wakageuka na unga wao. Jailos aliiva. Kwa miaka zaidi ya kumi na tano Jailos akiwapo kijijini, hakuzikwa mtu wa usharika huu bila tarumbeta lake, na wengi mlioketi hapa wazazi wenu walisindikizwa na pumzi yake. Lile tarumbeta alilisugua kwa jivu na ndimu mpaka ukijitazama ndani yake unajikuta una mashavu ya mchungaji.

Kazi yake ilikuwa kupasua mbao. Alianza mwaka 1940, na kwa wasiojua kazi hiyo, iko hivi: gogo linalazwa juu ya shimo, mtu mmoja anasimama juu ya gogo, mwenzake anaingia shimoni, na msumeno mrefu unapanda na kushuka kati yao. Wa chini anakula unga wa mbao. Wa juu ndiye mwenye kazi ya akili, kwa sababu anasimama kwenye kitu cha mviringo na anauongoza msumeno ufuate mstari uliopigwa kwa kamba ya masizi. Jailos alikuwa wa juu. Wa chini alikuwa Philbert Kihwele, Mkatoliki, Mhehe wa karibu na Tosamaganga, na yuko hapa leo, amesimama kule nyuma. Walipasua mbao misitu ya Dabaga kule Iringa, wakapasua za kujengea mashine ya mpunga kule Ubaruku, ambako Jailos alisema joto lake linapika mchele ukiwa bado shambani. Hata mzee Yotamu aliwahi kwenda kuwatembelea Ubaruku, akapotea njia, akalala kwa Wasangu waliompa wali na samaki mpaka akasahau alikuwa anamtafuta nani. Lakini hayo si ya leo.

La leo ni ulanzi. Kule Iringa mvua zikianza, mianzi inagemwa, na pombe yake inakuwa nyingi kuliko maji ya kunywa. Wapasua mbao wote wakitoka kazini walikwenda kilabuni. Jailos naye alikwenda, akakaa nje ya mlango juu ya kigogo, na kibuyu chake cha togwa tamu isiyochacha, akimngoja Philbert amalize ili amshike mkono njiani. Wahehe walimcheka sana.

"Philbert, huyu Mnyakyusa wako vipi? Anaogopa mianzi?"

"Mwacheni," Philbert alijibu. "Huyu ndiye macho yangu ya kurudia nyumbani."

Alifunga ndoa na Yudith siku ya Jumamosi tarehe 12 Januari 1946, katika kanisa hili. Siku hiyo hakukuwa na mpiga tarumbeta mwingine aliyeweza wimbo wa kutoka, basi bwana harusi akamwachia bibi harusi mkono, akajipigia mwenyewe, kisha akamshika tena. Yudith alisema, "Nimeolewa na watu wawili, na mmoja ni bati." Walijaliwa watoto wanne, wa kwanza Asukile. Wa pili, Anyitike, alichukuliwa na surua mwaka 1951 akiwa ndiyo kwanza anajua kusema "baba". Amelala hapa uani mwa kanisa, na baba yake ndiye aliyempigia tarumbeta. Alimaliza beti zote. Baada ya hapo, kila alipotoka Iringa alipita kwanza pale kwa mtoto ndipo aende nyumbani.

Ugonjwa ulianza mwezi wa Oktoba mwaka 1953 kule Dabaga. Ulianzia kwenye mbao. Philbert, kutoka shimoni, aliona msumeno unaacha mstari.

"Kaka," akapaza sauti, "huko juu unapasua ubao au unachora mto?"

Jailos alicheka, akasema kamba imekaa vibaya. Kesho yake mto ukachorwa tena. Mwezi wa Desemba alianguka kutoka juu ya gogo, akaingia shimoni, na Philbert akaponea chupuchupu kukatwa na msumeno. Wakabadilishana, Jailos akawa wa chini, lakini akiinua uso kichwa kinamzunguka na anatapika kwenye unga wa mbao. Mwezi wa Machi 1954, mvua zikiwa zinanyesha, Philbert alimpandisha basi la Shirika la Reli arudi kwao apumzike.

Na hapa wapendwa mtusikilize vizuri. Jailos alifika nyumbani akiwa na dalili hizi. Akiamka asubuhi kichwa kinampasuka, hasa kisogoni. Hana homa. Anatapika, kisha anapata nafuu, na mchana anaweza hata kula. Akitembea anatanua miguu kama mtu aliye ndani ya mtumbwi, na bado anagonga mlango. Ulimi umekuwa mzito, neno moja analirudia. Tena ametoka Iringa, msimu wa ulanzi. Ni nani hapa angehitaji kuambiwa huo ni ugonjwa gani? Watoto walimfuata njiani wakiyumba nyuma yake, na watu wazima waliwakanya huku wameziba midomo kwa kanga. Walimpa jina, Bwana Mianzi.

Ikaja Pasaka, tarehe 18 Aprili. Kama kawaida yetu, kabla ya jua kutoka usharika wote ulikusanyika makaburini kuungoja ufufuo kwa tarumbeta. Yudith alimwomba asiende. Jailos akasema, "Anyitike atamsikiliza nani nisipopiga?" akaenda. Ubeti wa kwanza aliupiga wote. Kumbe kule kupuliza ndiko kulikokuwa kunausukuma ugonjwa ndani ya kichwa, lakini nani alijua? Katika ubeti wa pili alishusha tarumbeta, akapepesuka mbele ya watu, akaanguka kwa magoti, akatapika juu ya kaburi la mama yake mzee Andendekisye, lililopakwa chokaa siku ya Ijumaa Kuu.

Mzee Andendekisye ni mzee wetu wa kanisa na ni mtu wa haki. Mzee Yotamu anamfahamu tangu wanachunga pamoja. Lakini mama ni mama. Baraza la wazee liliketi wiki ile ile, na mjomba mtu akaruhusiwa kuketi mlangoni.

"Ananuka?" mzee mmoja aliuliza.

"Pombe yetu ya kimpumu hanuki," akasema mzee Andendekisye. "Lakini huyu ametoka Iringa. Amekunywa ulanzi, na sisi hatujui ulanzi unanukaje."

Wakatazamana. Barazani pale walikuwapo waliowahi kufanya kazi Iringa, wengine miaka, na harufu ya ulanzi wanaijua kama sauti za wake zao. Lakini mtu akisema, "Naijua, na hii siyo," ataulizwa ameijulia wapi. Kila mmoja akatazama kofia yake iliyokuwa magotini. Jailos akatengwa na ushirika. Meza ya Bwana akanyimwa, akapewa benchi la nyuma karibu na mlango, na tarumbeta likachukuliwa. Na kama mnavyojua, aliyetengwa akifa kabla ya kurudishwa hapigiwi kengele wala tarumbeta, wala halazwi uani. Anazikwa kule chini kwenye mikaratusi, nje ya ua.

Mwezi wa Juni Philbert alipanda basi kutoka Iringa kwa nauli yake, akaja kumtetea. Alivua kofia, akasalimia kwa heshima.

"Kamwene, wazee. Mlevi mnayemtafuta ni mimi. Huyu miaka yote alikuwa ananingoja nje kama mke."

"Kwa hiyo wewe unakunywa?"

"Nakunywa, mzee, tena vizuri."

"Basi ushahidi wa mlevi hatuupokei."

"Sasa wazee wangu," Philbert akasema, "asiyekunywa haijui harufu, na anayeijua hamumtaki. Shahidi nimlete kutoka wapi, kwa malaika?"

Walimtoa nje. Alikaa kwa Jailos siku kadhaa, akamlimia Yudith maharage, akaondoka analia.

Walimwekea Jailos njia rahisi ya kurudi. Asimame Jumapili moja mbele ya usharika aseme, "Nilikunywa, nimetubu," basi. Yudith alimsihi. Mzee Yotamu alikuwapo, amekaa jikoni, uji ukimpoa mkononi.

"Sema tu, baba Asukile. Neno dogo. Mungu anajua hukunywa."

"Kama anajua, nimdanganye wa nini?"

"Mtoto yuko pale uani! Unataka wewe ulale kwenye mikaratusi na yeye pale peke yake? Na mimi nilale wapi, katikati ya njia?"

Jailos akasema, ulimi ukimkwaza, "Mama Asukile, nataka kulala pale. Nataka na tarumbeta. Lakini nikienda pale nikiwa nimesema uongo, Anyitike atakuwa amelala kando ya mlevi. Mimi siwezi kutubu pombe ya mtu mwingine."

Hicho ndicho alichokitaka tangu siku hiyo mpaka mwisho: alazwe karibu na mtoto wake, na jina lake likiwa safi. Kimoja bila kingine hakukitaka.

Mwezi wa Agosti dada yake, Lea, aliyeolewa Iringa, aliagiza aletwe hospitali huko. Mjomba alimsindikiza. Ndani ya basi Jailos alitapika, na utingo akamwambia, "Babu, mlevi wako mhamishie nyuma kwenye magunia." Wakakaa kwenye magunia ya mpunga mpaka Iringa, Jailos amekilaza kichwa mapajani mwa mjomba wake kama zamani alipokuwa na surua.

Daktari alimtembeza kwenye mstari wa sakafu ya saruji, akashindwa. Akamwambia aguse pua yake kwa kidole, kidole kikaenda sikioni. Kisha akaweka kidude chenye taa mbele ya jicho lake, akachungulia muda mrefu. Akauliza kupitia kwa mkalimani, "Unakunywa pombe?"

Jailos akamgeukia mjomba. "Mjomba, hata huyu?"

Lakini daktari alikuwa anauliza kwa kazi yake tu, na alipojibiwa hapana, alisema, "Naamini." Huyo ndiye mtu wa kwanza mwenye madaraka kumwambia Jailos neno hilo, na Jailos alilia pale kwenye kiti. Daktari akaeleza. Kisogoni, ndani ya ubongo, sehemu ile inayomshikilia mtu asianguke, pameota uvimbe. Ni ugonjwa wa nadra. Mara chache alizouona uliwapata watoto, na mtu mzima hajawahi kumwona nao. Uvimbe ule umeziba njia ya maji ya kichwani, ndiyo maana asubuhi kichwa kinapasuka na tumbo linarudisha. Kupasua kichwa si kazi ya hospitali ile. Labda Nairobi, labda Ulaya, na hata huko wangechelewa.

"Na huu mgongo?" Jailos akauliza. Maana mgongo ulikuwa umeanza kumuuma, na chini ya kitovu ngozi ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Daktari alitazama chini. Alisema maji yale ya kichwani yanashuka ndani ya uti wa mgongo kama mfereji ushukavyo shambani. Uvimbe umedondosha mbegu zake kwenye mfereji, nazo zimeota huko chini. Miguu itakufa kwanza. Na ipo siku ulimi utakataa kabisa, na kichwa kikiwa hakina kitu cha kukiegemeza kitakuwa kinatikisika chenyewe, mbele na nyuma, bila yeye kutaka. Mjomba alimwomba mkalimani arudie, ayashike vizuri.

Mjomba aliporudi alipeleka maneno yote barazani, neno kwa neno, mpaka lile la mfereji. Wazee walisikiliza kwa huruma. Wengine walitikisa vichwa na kusema, "Mwe! Pole sana."

"Uvimbe tunaukubali, mzee mwenzangu," akasema mzee Andendekisye. "Lakini uvimbe haumzuii mtu kunywa. Aje atubu, au tumfuate nyumbani. Mlango uko wazi."

Miguu ilikufa mwezi wa Novemba. Mwanzoni alijivuta kwa mikono hadi mlangoni ajue kama mvua itanyesha, kisha hata hilo likakoma. Mgongo ulimuuma namna ambayo ukimgeuza analia, na usipomgeuza anaoza. Yudith alimgeuza. Vidonda vilifunguka kiunoni vikubwa kuliko kiganja, akaviosha kwa maji ya chumvi na majani, akafukuza nzi, akamlisha uji kwa kijiko, nusu unaingia nusu unarudi. Watoto wakubwa walipelekwa kwa shangazi yao, wasisikie kilio cha baba yao. Majirani waliokuja walisimama mlangoni, mmoja alisema, na hakujua kwamba anasikika, "Pombe ni mbaya jamani, tazama inavyomla mtu." Jailos alikuwa anasikia yote. Masikio yalikuwa mazima mpaka siku ya mwisho, na akili pia. Kuanzia Krismasi ulimi ulikataa. Alibaki na macho.

Na kichwa kikaanza, vile vile daktari alivyosema. Akilala juu ya mto kinatulia. Akikalishwa kinaitikia: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Ukimwambia, "Jailos, kunywa uji," kinaitikia. Ukimwambia, "Jailos, wewe ni jogoo," kinaitikia. Philbert, alipokuja mara ya mwisho, alimwambia, "Kaka, sasa umekuwa mtu mwema, hubishi tena," akacheka, kisha akatoka nje akaegemea ukuta.

Siku ya Jumamosi tarehe 12 Februari mwaka huu wa 1955, alasiri, wazee wa kanisa walikuja nyumbani wakiongozwa na mzee Andendekisye. Walikuja kwa upendo, hilo lisemwe. Waliona anakwenda, hawakutaka aende akiwa ametengwa. Waliimba, wakaomba. Kisha mzee Andendekisye akasema akalishwe.

"Akilala kichwa chake hutulia," Yudith akasema.

"Mama, toba haipokelewi mtu amelala. Mbele za Bwana mtu huketi."

Wakamkalisha, wawili wakimshika mabega. Mjomba alisema, "Jamani, kile kichwa si chake, ni cha ugonjwa, niliwaambia barazani." Wakamwambia, "Mzee, tupe nafasi." Mzee Andendekisye akapiga goti mbele ya kitanda, akamshika mkono.

"Jailos Mwasenga, unakiri mbele ya Mungu kwamba ulikunywa pombe?"

Kichwa kikaitikia.

"Na unatubu?"

Kikaitikia.

"Na unaomba usharika ukupokee tena?"

Kikaitikia, na kingeendelea kuitikia mpaka jioni. Mzee Andendekisye alilia kwa furaha, machozi ya kweli. Jailos naye machozi yalimtoka, akatoa sauti kooni kama ng'ombe aliyekabwa na kamba, na macho yake yalikwenda kwa mkewe, yakaja kwa mjomba, yakarudi kwa mkewe. Wazee wakasema hayo ni machozi ya toba. Yudith alifunika mdomo kwa kanga, hakusema kitu. Asilaumiwe na mtu. Alikuwa anafikiria ua wa kanisa, na yule mdogo. Walipomlaza, kichwa kilitulia, akaugeuza uso ukutani, na kuanzia siku hiyo alikuwa anafumba meno kijiko cha uji kinapokuja.

Kesho yake ilitangazwa kanisani kwamba mwenye dhambi mmoja amerudi. Vijana wa tarumbeta walikuja kumpigia nje ya dirisha, wimbo mzuri, kwa nguvu. Kila walipovuta pumzi na kupuliza, mwili wake ulikakamaa. Walizimaliza beti zote.

Alifariki siku ya Alhamisi tarehe 3 Machi 1955, saa tatu asubuhi, kichwa kikiwa juu ya mto, kimetulia. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili. Mkewe alikuwapo, na mjomba wake.

Leo analazwa uani mwa kanisa karibu na mtoto wake Anyitike, na mmesikia wenyewe kengele na tarumbeta. Usharika unahesabu kwamba unamzika mlevi aliyetubu. Wasifu ni maneno ya kweli juu ya mtu, na ya kweli ni kwamba Jailos Mwasenga hakuwahi kunywa ulanzi, wala kimpumu, wala pombe ya aina yoyote, na hakutubu. Alikuwa mgonjwa.

Marehemu ameacha mjane, Yudith. Watoto watatu, Asukile, Juliana na Fanueli, ambaye bado ananyonya. Dada yake, Lea, aliyefika jana kutoka Iringa. Mjomba wake, Yotamu. Na rafiki yake Philbert Kihwele, ambaye hakuitwa kubeba jeneza lakini atabeba. Mgongo hautamuuma tena, na hakuna tena atakayemkalisha. Alale kwa utulivu.

Siku ile ya toba, wazee walipokuwa wanavaa kofia mlangoni, mzee Yotamu alimuuliza mzee Andendekisye jambo. Alimuuliza tena Jumapili nje ya kanisa, akamuuliza na mchungaji, na jana aliwauliza hata vijana waliokuwa wanachimba kaburi, ingawa si wa kuulizwa. Wote walimwambia pole, mzee, umechoka. Anauliza tena leo, kwa upole, mbele ya mwili: kama pale pale, kabla hamjamlaza, mngemwambia, "Jailos, hukunywa, sisi ndio tuliokukosea," na kichwa chake kikaitikia vile vile, je, mngemwamini?